Dereva Asiyechimba Dawa

Jumatatu, tarehe 9

Nimepewa daftari. Umri huu! Mara ya mwisho kupewa daftari nilikuwa darasa la tano, na lile lote niliishia kulisokotea tumbaku. Hili nimepewa na tabibu wa zahanati, binti mwenye miwani mikubwa, rika la mjukuu wangu. Kalichora mistari kwa rula. Safu ya kwanza: saa. Ya pili: umekunywa nini. Ya tatu: umekwenda haja ndogo mara ngapi. Eti nijaze kwa uaminifu, nisifiche kitu. Mistari yake nitaiheshimu ukurasa wa mbele. Kurasa za nyuma ni zangu.

Haya, nisifiche. Nina miaka sitini na mitatu. Naendesha basi la masafa marefu mwaka wa thelathini na moja huu. Abiria wananiita Moja kwa Moja, maana nikishika usukani sisimami mpaka kituo. Madereva wengine wanasimama porini, konda anapiga kelele, haya jamani, wa kuchimba dawa! Watu wanateremka, kila mmoja na kichaka chake, kama kweli wanatafuta mizizi. Mimi? Ng'o. Abiria akiniomba kuchimba dawa namwambia ataikuta imeshachimbwa huko anakokwenda.

Mungu si Athumani. Tangu mwaka jana kibofu kimenigeuka. Kila nusu saa hodi, hodi. Nikiteremka, matone matatu, kama bomba la mtaa siku ya mgao. Nikipanda tu, hodi tena. Jumamosi nimesimama mara saba. Abiria mmoja kamwandikia meneja kwamba dereva huyu ana mbuzi wake vichakani, haiwezekani. Meneja kanipa mpaka Ijumaa. Nilete barua ya tabibu kwamba nafaa kwa safari ndefu, la sivyo nahamishiwa kibasi cha kubeba wafanyakazi wa kiwanda, hapa hapa mjini, kuzunguka kama nzi kwenye glasi.

Na basi langu apewe Mswaki! Leo tayari kalipeleka, mimi nikiwa zahanati. Mswaki ni dereva wa miaka thelathini na minne, ana mswaki mdomoni toka alfajiri mpaka magharibi, na meno bado ya njano.

Tabibu kaniambia, babu, si ufurahi, kibasi cha mjini ndiyo kupumzika. Hajui. Njia ndefu inapita mji alipo mke wangu.

Jumanne, tarehe 10

Nyumba kimya. Mke wangu aliondoka miezi saba iliyopita kwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Alisema wiki tatu. Sijamwambia arudi. Mwanamume hamwiti mke aliyekwenda kuuguza, itaonekana ana njaa. Yeye naye hajasema anarudi. Kila mtu kakaa na lake moyoni. Kitambaa chake cha kichwa kiko kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikifungua mlango kwa nguvu kinapunga. Nami napunga. Mjinga mimi.

Basi linasimama mji ule dakika kumi na mbili. Kwenda kumi na mbili, kurudi kumi na mbili. Anakuja na chupa ya chai. Tunasimama kivulini mwa basi, kwenye tairi la nyuma. Ndiyo ndoa yangu iliyobaki hiyo, na meneja anataka kumpa Mswaki.

Jioni nimekwenda yadi. Mswaki karudi. Kanikimbilia, shikamoo mzee, kwa adabu iliyopita kipimo. Halafu: chai ya mama tamu, mzee! Jana kanipa vikombe viwili, leo vitatu. Nikamuuliza kanywea kikombe kipi. Kile cha bluu.

Kile cha bluu ni changu!

Konda wangu kasikia. Ni mwanamke mtu mzima, sauti yake inafika kituoni kabla ya basi. Kasema mbele ya mafundi wote: mwenye kikombe kibofu kimetoboka, mwenye kibofu kizima kaokota kikombe. Mafundi wamecheka mpaka mmoja kadondosha spana mguuni. Imemfaa. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimesimama mara nne.

Jumatano, tarehe 11

Nimerudi kwenye usukani. Mkakati wa kwanza: redieta. Nikibanwa, napaki pembeni, nafunua injini, natangaza imechemka, naingia kichakani na kidumu kutafuta maji. Nani atamlaumu dereva anayehurumia injini?

Mara ya kwanza, safi. Mara ya pili mzee mmoja kanipa pole. Mara ya tatu kateremka abiria wa kiti cha mbele, kumbe ni fundi wa magari toka ujana wake. Kaweka kiganja juu ya redieta. Kakiacha hapo. Kaniuliza, mzee, hii imechemka au imetoka kuoga? Kabla sijajibu konda kanijibia, kwa sauti ile ile: injini nzima, bwana, anayevuja ni dereva. Basi zima! Hata mtoto mchanga kacheka, na hajui kibofu ni nini.

Tumefika kwa mke wangu tumechelewa dakika thelathini na tano. Nilijua ameshaondoka. Yupo. Kasimama juani, chupa kwapani, mkono juu ya nyusi. Nimemwona toka kule konani, nikasahau kubadili gia, gari likalia kama ng'ombe.

Kauliza mbona nimekonda. Usukani, nikasema. Mbona midomo imekauka. Vumbi. Ukweli sijatia tone mdomoni toka jana magharibi. Kisichoingia hakitoki, hilo halitaki shule. Lakini chai yake nitaikataaje? Akamimina kikombe cha bluu. Nikapangusa ukingo kwa kipindo cha shati kabla ya kunywa. Kauliza, leo una nini wewe? Nikataka kusema wivu. Nikasema vumbi.

Nimekunywa vitatu, Mswaki asinizidi. Tukasimama bega kwa bega. Kaona uzi kwenye kola yangu. Kautoa. Uzi mmoja tu, lakini kachukua muda wake. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyafanyia mazoezi njia nzima: nyumba imepoa. Maneno mawili. Konda akapiga ubavu wa basi, twende! Nikafungua mdomo, likatoka: haya, mama, baki salama.

Vile vikombe vitatu vilichonifanya kilomita ishirini mbele, siandiki. Safu ya tatu nimejaza: mara nane.

Alhamisi, tarehe 12

Siku kubwa! Lakini nianze asubuhi, tukirudi. Mkakati wa pili: kuwasingizia abiria. Nimesimamisha basi porini, nikasimama mwenyewe na kutangaza: wenye haja ya kuchimba dawa msione haya, dereva wenu ana huruma! Nilitegemea watateremka kumi, mimi niwe wa kumi na moja, nani atanihesabu? Hakuna aliyenyanyuka. Watu hamsini wananitazama. Bibi mmoja kasema, nenda tu baba, tutakulindia basi lako. Nikaenda. Nikiwa kichakani nikasikia madirisha yanafunguliwa. Hata yale matone matatu yakaona haya.

Kwa mke wangu tumepata dakika tano tu, kwa sababu ya kuchelewa. Kanipa habari kwamba dada yake ameanza kusimama, anashika ukuta. Kanitazama, kama anangoja niseme jambo. Nikasema, mwambie asijilazimishe, apone taratibu. Adabu! Hii adabu itanizika.

Saa kumi na nusu jioni niko zahanati na daftari. Tabibu kaanza na safu ya tatu. Sasa mimi nilijaza kwa lugha ya kazini, hiyo haja ndogo ni lugha ya ukutani mwa hospitali. Niliandika: nimechimba dawa mara nane. Kavua miwani. Kauliza hii dawa naichimba wapi. Nikasema porini, popote, pembeni ya barabara. Mti gani? Nikasema sichagui mti, mradi uwe mnene. Nani kanifundisha? Nikamwambia, mwanangu, sisi madereva wote tunachimba, na abiria wanachimba, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Kashika kichwa. Basi zima? Basi zima. Na inakusaidia? Dakika chache, nikasema, halafu inabidi nichimbe tena.

Nikamuuliza kwani yeye akisafiri hachimbi? Kasema hajawahi kupanda basi la mbali, kwao walikuwa na gari la baba.

Halafu kawa mkali kama mama mkwe. Kuanzia leo asisikie nimechimba dawa. Hata mara moja! Ndiyo inayonimaliza figo. Niahidi, babu. Nimeahidi. Kanieleza na mengine, kwamba nina tezi dume, imevimba, inaminya njia, kanipa vidonge vya kumeza kila jioni. Sikusikia vizuri, nilikuwa na furaha. Miaka thelathini na moja nasema dereva wa kweli hachimbi dawa, na leo elimu imekuja kunipa haki yangu! Kaandika barua: anafaa kwa safari ndefu, kwa sharti kwamba aache kabisa kuchimba dawa.

Meneja kaisoma, kacheka mpaka kakohoa. Kaenda kuibandika ubaoni, iwe amri kwa madereva wote. Mswaki kaisoma mara mbili. Mswaki ukaacha kusugua. Ushindi!

Ijumaa, tarehe 13

Naandika nimelala chali.

Agizo la tabibu nimelitii. Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kilomita ya thelathini, hodi. Nikanyamaza, kama mtu asiyetaka wageni. Ya sitini, nikaimba. Ya tisini, nikaacha kuimba. Konda kaniona nimeuma kola ya shati. Kasema mzee, simama. Nikamwambia nimekatazwa na tabibu, barua si iko ubaoni? Kanitazama kama anayetazama maiti inayomjibu. Katangazia abiria. Wakaanza kunisihi: dereva, simama bwana, nenda tu, hatutachungulia! Basi zima linaniombea nichimbe dawa na mimi nakataa. Heshima kama hiyo sijapata maishani.

Tumeingia mji ule mapema kabla ya saa yetu. Mke wangu ndiyo kwanza anavuka barabara na chupa yake. Nikampungia, nikakimbilia choo cha kituo. Choo si kichaka, tabibu hakukikataza. Nikasimama. Nikangoja. Hakuna. Nikafungua bomba la kunawia, labda kibofu kisikie wivu. Hakuna! Hata tone moja. Tumbo gumu kama ngoma, maumivu mpaka kisogoni.

Nimetoka nimejikunja kama ndoano. Kanidaka mabega. Nikasema: nyumba imepoa. Kauliza, nyumba gani? Miguu ikaniacha.

Wamenileta hospitali ya hapo hapo mjini. Nimewekwa mpira. Unapita wapi siandiki, lakini nimewaona mababu zangu wote na wakanisalimia. Imetoka lita moja na nusu. Nesi kasema hajaona kama hiyo mwaka huu. Nimejisikia fahari kidogo.

Jumamosi, tarehe 14

Asubuhi daktari mzee kapita, mtu wa mvi kama mimi. Kauliza kwa nini nilibana mpaka mlango ukajifunga. Nikamwambia tabibu kanikataza kuchimba dawa. Kauliza, na wewe ulimwambia unachimba dawa? Nikasema ndiyo, hata mti aliniuliza. Kasimama pale, kalamu hewani. Kisha kakaa kitandani mwangu, kavua koti lake jeupe akajifutia macho. Eti tabibu alidhani nachimba mizizi, natafuna mitishamba na abiria hamsini!

Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kiti. Kaanza kucheka. Kajaribu kuzuia, kashindwa, kaangukia mto wangu. Miezi saba sijasikia kicheko kile. Nimetamani niwe nimekosea na jambo jingine, nimpe.

Daktari kawa mkali baadaye. Ninywe maji. Nimeze vidonge. Nikibanwa nisimame, kichaka, choo, popote, nisione haya. Na kwa vyovyote nisibane tena, maana nikibana tena nitarudi hapa hapa kitandani.

Hilo la mwisho nimelisikia vizuri sana.

Kwa sababu tazama: leo mke wangu kaja saa moja asubuhi kaondoka saa kumi jioni. Kaninyoa ndevu, ulimi kautoa nje kidogo kama afanyavyo akiwa makini. Nilikuwa nimeshausahau ule ulimi. Kaninywesha supu. Kalala kidogo kitini, kichwa karibu na mkono wangu, nikakaa bila kujitikisa hadi mkono ukafa ganzi. Saa tisa! Nimepiga hesabu pembeni mwa ukurasa: dakika mia tano na arobaini. Gawanya kwa kumi na mbili. Ni safari arobaini na tano, na sijachoma hata tone la dizeli.

Jumapili, tarehe 15

Basi limepita, konda kaomba dakika zake zile kumi na mbili kuja kuniona, kaja na Mswaki, ndiye anayeliendesha sasa. Habari: meneja kaibandua ile barua. Ijumaa madereva wawili waliitii, na abiria wa basi moja nusura wang'oe mlango. Sasa ametoa amri mpya, kila basi lisimame kwenye vyoo vya njiani. Na mimi nirudi kwenye basi langu nikipona, njia ile ile. Konda kasema sisi wanawake tunabana toka magari hayajaletwa, hakuna aliyetubandika ubaoni.

Konda alipotoka, Mswaki kabaki. Kautoa mswaki mdomoni, mara ya kwanza nauona wote. Kanong'ona: mzee, hata mimi. Hanywi maji safari nzima, akikojoa kunawaka moto, mwezi wa pili sasa, hajamwambia mtu. Miaka thelathini na minne! Nikamwelekeza kwa daktari mzee. Nikamwambia pia mswaki hautibu huko. Kacheka, kanishika mkono kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka kufa, kaniharibia.

Kikombe cha bluu lakini hagusi tena. Nimemwambia.

Jioni nesi kaleta habari mbaya: kesho asubuhi mpira unatolewa. Nikiweza kukojoa mwenyewe, naruhusiwa, nawahi basi la saa nane. Nikishindwa, nabaki.

Nimelala natazama dari. Kesho saa nane, nyumbani. Mlango, msumari, kitambaa. Nipungiane nacho tena.

Nikikojoa naruhusiwa. Nikishindwa nabaki. Na nani hapa anajua kubana kama mimi?

Jumatatu, tarehe 16

Saa mbili mpira umetolewa. Mababu wamenisalimia tena, safari hii kwa haraka. Nesi kanipa jagi la maji, ninywe lote, nikijisikia nimwite. Nimekunywa. Vidonge vya tezi vimefanya kazi yake, saa tatu u nusu njia iko wazi kama barabara mpya. Nimejisikia. Sikumwita.

Saa nne kapita. Vipi, babu? Bado, mwanangu, nikamwambia, kwa uso wa msiba.

Saa tano kaja mke wangu, na begi. Si kikapu cha kila siku, begi kubwa, lile aliloondoka nalo nyumbani miezi saba iliyopita, limejaa mpaka zipu inalalamika. Moyo umenidunda! Kajiandaa kulala hapa hapa na mimi, labda wiki nzima. Kavaa na viatu vile vya kufunga vya safari, nadhani sakafu ya hospitali ni baridi. Swali lake la kwanza: umeshakojoa? Bado, mke wangu. Kamfuata nesi hadi mlangoni, kamuuliza hakuna namna ya kuharakisha? Ananionea uchungu, maskini.

Nyuma yake kaingia shemeji, yule dada mtu mwenyewe! Na fimbo, lakini kwa miguu yake, wala hashiki ukuta. Nikampongeza. Kasema, shemeji, nimekuja kuwaaga. Nikashtuka. Watu wanadhani nakufa? Halafu kuwaaga, si kukuaga, na mimi niko peke yangu kitandani. Ila shemeji hakusoma sana, umoja na wingi vinampiga chenga. Nikamwambia asihofu, siendi popote. Wakatazamana, yeye na mdogo wake. Shemeji kasema haya, Mungu afungue njia. Nikaitikia amina, huku nimekaza miguu.

Saa saba. Nesi, mara ya nne. Bado. Jasho linanitoka, kibofu hakibishi hodi tena, kinasukuma mlango kwa bega. Mke wangu kakaa ukingoni mwa kitanda, begi mapajani, mkono wake juu ya goti langu. Anapigapiga kwa kidole. Kauliza saa ngapi. Nikamwambia. Baada ya muda kauliza tena. Sasa hivi kauliza mara ya tatu, macho dirishani, upande wa kituo cha mabasi.

Naye anaziona saa zinavyokimbia tukiwa wawili. Tunafanana sisi. Nimembana mkono, nimebana na kule.